Kiporo cha Chiriku

Kila asubuhi nyumbani kwa kina Chiriku ilikuwa na vurugu ile ile. Baba alitafuta soksi, mama alipiga pasi sare yake ya kazi huku akifunga mlango wa kabati kwa goti, na Chiriku alisimulia ndoto aliyoota bila kujali kama kuna anayemsikiliza. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Jina hilo alipewa na baba yake kwa sababu ya mdomo usiojua kupumzika, nalo likamganda hadi shuleni.

Muhula huo kulikuwa na kitu kipya mezani: vibakuli vitatu vyenye mifuniko. Karakana ambako baba alichomelea vyuma ilikuwa imepunguza siku za kazi, na ada ya kaka yake Chiriku, aliyesoma chuo cha ufundi, ilikuwa haijakamilika. Mama, ambaye alifanya usafi hospitalini, aliona pesa nyingi zinaishia kwenye chakula cha kununua mchana.

"Kuanzia leo hakuna kula nje," alitangaza. "Kinachobaki usiku kinapashwa moto asubuhi, kinakwenda kazini na shuleni."

"Na kama hakikubaki?" Chiriku aliuliza.

"Nitapika kwa namna ambayo lazima kibaki," mama alijibu, na baba akacheka hadi akapaliwa na chai.

Mchana wa siku hiyo, Chiriku alikaa kwenye benchi la nje ya darasa pamoja na wanafunzi wengine na rafiki yake waliyemwita Pipi, kwa kuwa mfuko wake haukukosa peremende. Pipi alikuwa amenunua viazi vya kukaanga kwenye duka la shule. Chiriku alipofungua kibakuli, wali na maharage ya jana vikaonekana vimegandamana kama tofali.

"Mwenzetu kala kiporo asubuhi, kaja nacho na mchana!" Pipi alisema kwa sauti. "Chiriku wa Viporo!"

Benchi zima liliangua kicheko. Hata Chiriku alijifanya anacheka, lakini masikio yalimwaka moto. Alifunika kibakuli, akaaga kwamba anakwenda chooni, akazunguka nyuma ya madarasa kwenye shimo la takataka. Akamwaga kila kitu. Kisha akaosha kibakuli bombani na kunywa maji mpaka tumbo likajaa.

"Mwanangu, umekula?" mama alimuuliza jioni.

"Nimekula, mama. Kilikuwa kitamu."

Uso wa mama ulichangamka. "Basi kesho nitakuongezea."

Maneno hayo yalimchoma Chiriku. Kesho yake akamwaga tena, na siku iliyofuata, na nyingine zilizofuata. Mwanzoni alidhani atazoea njaa. Badala yake, masomo ya mchana yalianza kumpita juu ya kichwa. Alisoma mstari mmoja mara mbili asielewe. Yeye aliyekuwa akinyoosha mkono kabla swali halijaisha, sasa alilaza kichwa juu ya dawati. Akirudi nyumbani alikula haraka haraka hata mama akadhani anakua.

Siku moja darasa lake lilikuwa likifanya mazoezi ya mbio za kupokezana vijiti. Chiriku alipokea kijiti, akapiga hatua chache, kisha uwanja ukaanza kuzunguka. Alipofumbua macho alikuwa amelazwa katika chumba cha muuguzi wa shule. Viatu vyake vilikuwa vimevuliwa, na pembeni kulikuwa na kikombe cha uji wenye sukari.

"Mchana umekula nini?" muuguzi aliuliza.

"Wali na yai, dada muuguzi."

Muuguzi alichukua kibakuli kilichokuwa kimeletwa pamoja na begi lake. Akakifungua, akakigeuza juu chini. Tone la maji likaanguka.

"Vyombo vya kwenu vina adabu," alisema. "Vikiliwa vinajiosha vyenyewe."

Chiriku aligeukia ukutani.

Mama alikuwa zamu, kwa hiyo aliyepigiwa simu ni baba. Alifika akiwa na ovaroli yenye matundu ya cheche, jasho likimtiririka, begi la kazi begani. Alimgusa binti yake paji la uso kwa kiganja kigumu kama ubao.

"Hana homa," muuguzi alimwambia. "Mtoto ana njaa, mzee wangu. Tumbo lake halina kitu tangu asubuhi."

Baba alishangaa. "Njaa? Mbona chakula anabeba?"

Muuguzi alitoka kidogo na kuwaacha peke yao. Baba alivuta kiti, akafungua begi lake na kutoa kibakuli chake. "Nilikuwa sijala bado nilipopigiwa simu. Njoo tule wote, maelezo yatafuata."

Alipoondoa mfuniko, Chiriku alichungulia ndani. Palikuwa na ukoko wa wali uliolowekwa kwa mchuzi wa maharage. Maharage yenyewe ungeweza kuyahesabu.

"Baba, yai lako liko wapi?"

"Lilikuwa moja tu. Mama yako alilitia kwenye chakula chako." Baba alisema hivyo kwa kawaida tu, kama mtu anayetaja hali ya hewa, akamsogezea kijiko. "Kula. Ukoko ukilowa vizuri hauna shida."

Chiriku alikishika kijiko lakini mkono haukwenda mdomoni. Alianza kulia, kwanza polepole, halafu kwa kwikwi. Katikati ya kwikwi hizo akasema yote: benchi, kicheko, shimo la takataka, maji ya bombani.

Baba aliweka kibakuli chini.

"Kwa hiyo muda wote huu tulikuwa tunalisha shimo," alisema.

"Nisamehe, baba."

"Chakula kimeniuma, siwezi kukudanganya. Lakini lililoniuma zaidi ni lile neno 'nimekula'. Ukiwa na njaa ukaniambia umeshiba, nitakusaidiaje mimi? Ungeanguka barabarani je?" Alimfuta machozi kwa kona ya mkono wa ovaroli. "Jioni utamweleza mama yako mwenyewe. Mimi nitakaa karibu, ila maneno yatakuwa yako."

Jioni hiyo, mama alisikiliza huku ameshika mwiko. Chiriku alipomaliza, mama alizima jiko na kukaa. Macho yake yalikuwa yamejaa maji.

"Kwa nini hukuniambia kwamba wanakucheka?"

"Niliogopa utahuzunika."

"Siku za kwanza hospitalini nilikula nimewageuzia mgongo wenzangu," mama alisema taratibu. "Niliona aibu kama wewe. Ungesema, tungeona aibu pamoja, halafu tungetafuta njia. Haya, Jumapili utaingia jikoni na mimi."

Jumapili ilipofika, Chiriku alijifunza mambo ambayo hakuwahi kuyafikiria. Maharage yaliyobaki waliyaponda pamoja na viazi, wakaweka kitunguu na pilipili hoho, wakaviringisha vidonge na kuvikaanga. Wali waliukaanga kwa karoti na yai moja lililotosha watu wote. Mama alimwonyesha namna ya kukipoza chakula mapema na kukifunika, na kukipasha asubuhi mpaka kitoe mvuke sawasawa. Kilichobadilika harufu hakikusubiri mjadala, kilitupwa.

Jumatatu, Chiriku alikaa kwenye benchi lile lile. Alifungua kibakuli bila kujificha.

"Viporo vimerudi!" Pipi alianza.

"Vimerudi," Chiriku alijibu. "Na leo nimevipika mwenyewe."

Akaanza kula. Harufu ya kitunguu ikasambaa. Pipi alitafuna viazi vyake polepole, macho yakiwa kwenye kibakuli cha mwenzake.

"Hebu nionje kidogo," alisema hatimaye.

Alionja kidonge kimoja, akanyoosha mkono kuchukua cha pili. "Samahani kwa lile jina," alinong'ona. "Unavifanyaje hivi?" Chiriku akaanza kumweleza, na alipoanza hakumaliza hadi kengele ilipolia. Juma lile halijaisha, Pipi naye alikuja na chakula cha kwao.

Mwisho wa muhula, ada ya kaka ilikamilika. Alikuja likizo na cheti cha mwaka wa kwanza, wakakaa wote mezani kula. Kaka alishukuru wazazi, na baba akamwelekeza kwa Chiriku.

"Mshukuru na huyu. Amechangia." Kisha akamgeukia binti yake. "Kubana matumizi kumetusaidia, mwanangu, na kupika umejua. Ila naomba ukumbuke hili: hali yetu ikiwa ngumu, usiibebe peke yako kwa siri. Sema ukweli mapema, hata kama unaona aibu. Sisi ni watu wako. Tukijua, tutafanya kitu."

"Nimeelewa, baba."

"Na sasa hivi, umeshiba kweli?"

Chiriku aliangalia sahani yake, akaangalia sufuria.

"Bado," alisema, na mama akamwongezea.