Yusra Anataka Kupima Maji

Kila asubuhi Yusra hupita mtaa wa Vuga kwenda kununua mkate. Akifika kwenye maabara moja ya maji, hupunguza mwendo. Ndani huwaona watu wenye makoti meupe wakishika chupa na kuandika. Hutamani awe mmoja wao. Ana shahada ya kemia. Huu mwaka wa pili hana kazi.

Si kwamba hakuwahi kuitwa. Ofisi moja ilimwita kwenye usaili, ikampa kifaa cha kupimia na kikombe cha maji.

"Tupimie," wakamwambia.

Yusra akakigeuza kipimo huku na huku. Chuoni walikuwa wanafunzi arubaini kwa kipimo kimoja. Wenzake wakipima, yeye akitazama. Siku ile alirudi nyumbani bila kazi, akavua buibui. Mama yake, Bi Mwanaasha, akamtengea chai.

Jirani yao, Bi Kidawa, huajiri wafanyakazi katika hoteli. Jioni moja alimkuta Yusra barazani.

"Shikamoo, Bi Kidawa."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mnyonge?"

"Nshapeleka barua thalathini. Hajanijibu mtu."

Bi Kidawa akaomba aone moja. Akaisoma yote.

"Hii hii umewapelekea wote?"

"Naam. Nabadilisha jina la ofisi tu."

"Basi ndiyo maana. Cheti kinaniambia umesoma nini. Mimi nataka kujua unaweza kufanya nini. Umewahi kupima kitu kwa mkono wako?"

"Bado," akasema Yusra, akitazama chini.

"Usione haya. Mkono hujifunza kwa kutenda. Kijijini Jambiani kuna kina mama wanatengeneza sabuni ya mwani. Wanataka mtu wa kuwapimia mchanganyiko. Nenda kajitolee miezi mitatu. Kila siku andika ulichofanya, na ulichokosea."

Yusra akaenda, akakaa kwa shangazi yake. Wiki ya kwanza alivunja chupa mbili. Wiki ya tano sabuni ikaanza kuwasha ngozi.

"Mwani wetu umeharibika," akasema Bi Time, kiongozi wa kikundi. Machozi yalimlengalenga.

Yusra akapima kila kitu upya, siku mbili nzima.

"Bi Time, si mwani. Mizani ni mbovu. Dawa kali ya kugandishia sabuni inazidi."

Wakanunua mizani nyingine. Sabuni ikatengemaa.

Miezi mitatu ilipokwisha, Yusra aliandika barua mpya. Safari hii alieleza kisa cha sabuni, na Bi Time akakubali kuwa shahidi wake. Maabara ya Vuga haikuwa na nafasi. Maabara moja ya Fumba ikamwita.

"Tupimie maji haya."

Yusra akakiosha kipimo kwanza. Akakijaribu kwa maji ambayo majibu yake anayajua, aone kama kiko sawa. Kisha akapima. Akawaandikia majibu.

Alipata kazi. Mwezi wake wa pili kazini alitumwa kupima tangi la maji la mtaa wao. Majibu yalipobandikwa kwenye ukuta wa tangi, Bi Mwanaasha alikwenda kuyatazama. Yeye kusoma alijifunza ukubwani. Akaweka kidole kwenye mstari wa chini.

"Maji ni salama. Yamepimwa na... Yusra... Shaame."

Waliokuja kuteka maji wakamsubiri. Akasoma tena, kwa sauti kubwa zaidi.