Ufunguo wa Tatu

Milango ya gari ilijifunga, tak! na rimoti zote mbili zilikuwa mezani.

Waya, fundi umeme wa magari, aliinua kichwa. Ndani ya gari hamkuwa na mtu. Dada yake alikuwa amejikunyata ukutani, na mume wa huyo dada akisonya.

"Si nilikwambia?" dada alinong'ona. "Nikiingia peke yangu niende popote, inanifungia humo. Akija yeye, inafunguka."

"Hujui rimoti," mumewe alimkatiza. "Miaka sita nakufundisha, kichwa jiwe!"

"Shemeji, hapa ni gerejini kwangu. Chunga ulimi."

Waya alifungua gari kwa ufunguo wa mkono, akachomeka mashine ya kupimia chini ya usukani. Swichi za milango nzima. Mota za loki nzima. Rimoti zilizosajiliwa: tatu.

"Mnazo ngapi?"

"Mbili tu," shemeji alijibu, macho pembeni.

Waya akazifuta zote, akasajili mbili upya. Kioo cha mashine kilitulia, kisha kikaandika tena: tatu. Ya tatu ipo ndani, kiti cha nyuma.

Aligeuka. Kiti kilikuwa kitupu, ila sponji yake ilikuwa imebonyea kama iliyokaliwa, na harufu ya udongo mbichi ikampanda puani. Alitoka mbio, akafungua boneti, akachomoa betri.

"Dada, chukua pochi yako humo garini twende zetu."

Dada akaingiza mkono, kisha bega, na kabla hajaifikia pochi kitu kikamvuta mzima mzima ndani, mlango ukabamizwa, loki nne zikalia moja baada ya nyingine katika gari lisilo na betri, na nyuma ya vioo vilivyoanza kupata ukungu mchana wa jua kali wakamwona amekaa wima, mikono magotini, kama mtoto aliyekatazwa kucheza.

Waya alishika nyundo.

"Weka chini," dada alisema, kwa sauti nzito isiyo yake. "Nimewekwa nimlinde."

"Umewekwa na nani?"

Kidole cha dada kikainuka polepole, kikamwelekea mumewe.

Shemeji akarudi nyuma. "Niliambiwa atamzuia tu asizurure! Sikumwambia amguse!"

"Mshenzi wewe! Mwambie aondoke!"

"Mwachie," shemeji alikiambia kile kitu. "Basi, kazi imekwisha. Lichukue hili gari, uende nalo."

Kitu kile kikacheka ndani ya koo la dada. "Ulinipa mke. Hukunipa gari."

Waya hakungoja zaidi. Alivunja kioo, akamshika dada kwapani, akamtoa dirishani huku vigae vikiwachana wote wawili. Dada alikohoa, akalia, akamtazama mumewe kwa mara ya mwisho.

"Talaka yangu nitaifuata kwa miguu," alisema, kwa sauti yake mwenyewe.

Shemeji hakuthubutu kuwafuata. Ndugu wawili walitembea hadi nyumbani kwa Waya, mtaa wa pili, wameshikana mikono. Mlango wake ulikuwa wa mbao, wenye komeo la chuma, hauna hata uzi wa umeme. Dada aliingia, akashusha pumzi.

"Hapa nimepona, kaka."

Nyuma yao, bila mkono wa mtu, komeo likaanza kujisukuma.