Gisenyi Mpaka Kamembe

"Dada, samahani, uwanja wa ndege wa hapa uko wapi?"

Stendi ya mabasi ya Gisenyi ililipuka kwa kicheko. Ingabire, fundi cherehani, kitenge cha manjano kimemkaa vizuri kiunoni na bintiye Isimbi yuko mgongoni, alimtazama kijana mrefu mwenye shati jeupe. Ni Rugwiro, aliyekulia Tanzania, ameajiriwa juzi kupakia mizigo uwanja wa ndege wa Kamembe. Alimwonyesha Ingabire simu.

"Imeandikwa hapa: uwanja wa Gisenyi mpaka wa Kamembe, dakika ishirini."

"Simu yako iko na mabawa? Hapa hakuna ndege ya abiria. Panda basi, masaa sita, unafuata ziwa. Bon, haya, safari njema, muzuri wangu!"

Hilo "muzuri wangu" lilimfikisha Kamembe kabla ya basi. Miezi minane wakapendana kwa simu, na kila mwisho wa mwezi Rugwiro alikuja Gisenyi.

Ikawadia Jumapili ya posa. Wazee wa Rugwiro wangemngojea Kigali, waje pamoja, wafike saa nane mchana.

"Usihofu, mpenzi," Rugwiro alimwambia kwa simu. "Kutoka Kamembe mpaka Kigali ni dakika arobaini tu angani."

Saa nane ikapita. Wageni wakala, wakaaga. Saa kumi na moja simu ikalia.

"Mawingu yalizuia ndege, mpenzi. Ndiyo kwanza natua Kigali..."

"Dakika arobaini, Rugwiro! Umeniaibisha mbele ya watu. Usinipigie tena!"

Shangazi Illuminée akakunja mikeka. "Mwanamke mwenye mutoto, wanamuonja tu. Achana naye."

Lakini Ingabire alisoma darasa la jioni, na hesabu aliijua. Asubuhi akajumlisha: kusubiri uwanjani, kuruka, kisha masaa manne ya basi toka Kigali. Hata bila mawingu, mtu yule alitoka kwake alfajiri kwa ajili yake. Na yeye hakumwacha amalize hata sentensi.

Alijua leo atakuwa amerudi kazini Kamembe. Akamfunga Isimbi mgongoni.

"Unaenda wapi?"

"Kamembe, Shangazi. Kuposa."

"Yesu! Mwanamke anaposa?"

"Leo anaposa."

Kona za barabara ya ziwa huko Karongi zilimtapisha Isimbi mara mbili. Ingabire alifika uwanjani kitenge kimekunjamana, kinanuka maziwa. Rugwiro alipomwona, sanduku la abiria likamponyoka.

"Inga! Umekujaje?"

"Kwa barabara. Nilikukatia simu bila kukusikiliza, hapo mi nilikosa. Lakini mchumba wa kwenye simu sitaki tena. Unanioa na mutoto wangu, ao hapana? Jibu mbele ya hawa."

Foleni nzima ya abiria ikageuka kuwatazama. Rugwiro akavua glovu, akamtoa Isimbi mgongoni, akampakata hivyo hivyo alivyolowa.

"Binti, wewe ndiye wa kuombwa kwanza. Nikubalie niwe baba yako."

Isimbi akamshika pua, hakuiachia.

"Amekubali," Ingabire akasema, machozi yakimlenga. "Na mimi pia. Sasa omba ruhusa kazini. Jumamosi mnaposa, wewe na wazee wako. Na mtoke Ijumaa."