Picha Iliyoatamiwa Kwapani

Vern Halvorsen alikuwa mtu wa sifa, na tangu anunue kamera ile itemayo picha papo hapo, mji mzima wa Duluth, kaskazini mwa Marekani, ulikoma. Kanisani kamera, kwa kinyozi kamera, hata msibani, kamera! Haya alikuwa hana.

Baridi ya huko huzifanya picha zitoke zimefifia, ndiyo maana watu huzipasha joto kwapani mpaka rangi ikolee. Vern alizipachika ndani ya koti, akatamba uani kama kuku anayeatamia.

Jumapili moja baada ya ibada alimpiga picha binti yake, Kari, akicheza na theluji. Mkewe, Marlys, alipoipokea ile picha, ilinuka nywele zilizoungua. Nyuma ya mtoto, penye uzio, palisimama kitu kirefu kisicho na uso.

"Vern," alinong'ona, "nani huyu?"

"Kivuli! Wewe na kamera wapi na wapi?"

Picha iliyofuata, kile kitu kilikuwa kimeshavuka uzio. Iliyofuata tena, vidole vyake virefu viligusa kofia ya Kari, ilhali uani hapakuwa na mtu mwingine.

Mama yake Vern, Bibi Solveig, aliyekuwa mlangoni na kahawa yake, akaichungulia ile picha. "Zitupe kwenye theluji, mwanangu, zife changa. Kitu cha barafuni hutafuta joto la mtu, nawe unakipa."

"Mama, hizo porojo ungeziacha kwenu Norwe."

Marlys alimtazama mumewe, akamdharau mpaka ulimi ukawa mchungu. Akamkumbatia Kari, akamgeuzia Vern mgongo. "Utanipiga picha mimi, si mwanangu!"

Vern akabonyeza, akaitia picha kwapani, akasubiri huku akipiga mbinja, na ile harufu ikazidi, ikaingia puani na kooni, na theluji chini ya miguu yake ikaanza kulia krr, krr, kana kwamba kuna mwingine anayekanyaga palepale alipokanyaga yeye, hadi mbwa wa jirani, aliyekuwa akibweka, akanyamaza.

Akaichomoa. Marlys na Kari peke yao, safi kabisa.

"Mnaona, wajinga nyie? Kimekwenda!"

Kari akamvuta mama yake sikio. "Mama," alisema polepole, "mbona Baba ana mkono mwingine?"

Vidole virefu vilikuwa vimetokeza kifuani mwa Vern, vikilifunga koti kwa ndani, kifungo baada ya kifungo. Yeye bado alikuwa akicheka.

Marlys akamwingiza mtoto na bibi yake ndani, akatia komeo. Vern alikuwa ameshaambiwa.