Wanawake Sita na Makuti ya Nyumba Moja

Historia iandike kwamba mapenzi ya Mwalimu Chirau yalianza kwa kukanyaga makuti. Ilikuwa mwaka 1956, siku ya gulio Msambweni, naye amevaa kaptura nyeupe iliyopigwa pasi hadi ingeweza kusimama yenyewe.

"Mwalimu, hayo ni ya kuezekea, si ya kupangusia viatu," alisema Biasha, msuka makuti, leso nyekundu begani, bila kuinua uso.

"Niwie radhi, dada. Nifanyeje unisamehe?"

"Nifundishe hesabu. Niliachia darasa la nne."

Akamfundisha kila Jumamosi, barazani kwa mama yake Biasha, mpaka hesabu yenyewe ikawa kisingizio. Kisha Chirau akahamishiwa Vanga. Na barua zote za nyumba ile zilifunguliwa kwanza na Iddi, kaka yake Biasha, mtu mwenye macho ya askari watatu.

"Nitakuandikia hesabu," Chirau alinong'ona. "Jibu ndilo tarehe ya mwezi huo. Siku hiyo nitakungoja sokoni. Ukija, nitajua umekubali nilete posa. Usipokuja, sitakusumbua tena."

Mwanzoni mwa Machi barua ikafika. Iddi akaichana, akasoma: *Wanawake wanne husuka makuti ya nyumba moja kwa siku kumi na mbili. Wanawake sita watamaliza kwa siku ngapi?* Akaitupa kama aliyeshika upupu.

"Chukua mateso yako!"

Tarehe nane, Chirau alisimama sokoni tangu asubuhi, kanzu mpya, marashi mpaka kwenye kofia. Asubuhi, uwezekano wa Biasha kuja ulikuwa tisa kwa kumi. Adhuhuri, nusu. Gari la Vanga lilipopiga honi, sufuri. Akapanda.

Tarehe kumi na nane, Biasha alisimama pale pale, doti mpya ya leso, asumini nyweleni. Kila kanzu nyeupe ilimshtua moyo. Hakuna hata moja iliyokuwa ya Chirau.

Huko Vanga, Chirau alisahihisha daftari la mtoto mmoja, na mahali pa alama akaandika "Biasha". Huku Msambweni, Biasha alisuka makuti ya kutosha kuezeka mji mzima, na kila alipofunga mzigo alitazama barabara ya kusini.

Mwezi wa Mei alishindwa kuvumilia. Akaandika hesabu yake yote karatasini: wanne kwa kumi na mbili, sita kwa kumi na nane. Chini yake: *Mwalimu, nisahihishie. Nimekosa wapi?* Akaituma kwa gari la Vanga.

Kesho yake Chirau alikuwa barazani, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Biasha, wanawake wakiongezeka, siku hupungua! Ni nane!"

"Nani kakwambia? Umewahi kukaa na wanawake sita wanaosuka makuti?"

"Sijawahi."

"Wanne husuka. Wa tano huja na habari. Wa sita huja kuikanusha. Siku kumi na nane, na hapo nimekupunguzia."

Kitabu cha Chirau hakikuwa na sura hiyo.

"Nilikungoja tarehe nane mpaka gari likaondoka."

"Nami kumi na nane, mpaka asumini zikanyauka." Sauti yake ikazama. "Nilidhani umenikataa."

"Mimi nikukatae? Naleta posa, mahabuba. Wazee wanne, au sita?"

Biasha akavuta leso usoni, yakabaki macho tu.

"Lete mmoja," alisema. "Na asiwe msemaji."