Firigisi ya Lusweti

“Huyu msichana ana ugonjwa wa ukoo, na hakuna mtu alituambia!”

Risper, shangazi yake Lusweti, alisema hivyo akinawishwa mikono. Ukoo wa Lusweti ulikuwa umefika Mukumu kumposa Navalayo, na chakula kilikuwa kimeshapakuliwa. Aliyeshika jagi la maji ni Navalayo mwenyewe.

“Ugonjwa gani, shangazi?” Navalayo akauliza.

“Malaria yenu ya kuingia moyoni! Sisi tunashikwanga, tunameza dawa, siku tatu tumerudi kukata miwa. Wewe unalazwanga, moyo unataka kusimama. Daktari ameandika umezaliwa hivyo.”

Ni kweli. Mwezi wa tano Navalayo alizimia kazini, na daktari akamweleza kwamba mwili wake umerithi udhaifu wa kushindwa na vimelea vya malaria, na safari hii moyo umeumia. Akitunza dawa na kuwahi hospitali kila homa ikianza, ataolewa na kuzaa kama wengine. Karatasi ile ya daktari aliipiga picha, akamtumia mtu mmoja tu duniani: “Usionyeshe mtu. Nataka ujue kabla hujanioa.”

Lusweti alijibu: “Moyo wako ni wangu, mpenzi. Hata ukibaki nusu.”

Sasa picha hiyo hiyo ilikuwa kwa simu ya Risper, wazee wakipokezana na kutikisa vichwa.

“Lusweti, ni wewe ulimtumia?”

Lusweti aliinamia sahani yake. Juu ya nyama ya ingokho, kuku wa wageni, ilikaa firigisi. Huku firigisi ni ya mwanamume anayeheshimiwa, mwanamke haruhusiwi kuila, na Navalayo ndiye aliyempakulia.

“Ni familia, Nava. Wangejua tu.”

“Na hatujakataa urafiki,” Risper akaongeza bila haya. “Si kuna Emily, mdogo wa Navalayo? Lusweti amesema hana neno akipewa huyo. Ameshamchunguza.”

Emily akatoka jikoni mbio, mwiko wa kusongea obusuma mkononi.

“Kunichunguza? Kumbe! Juzi uliniuliza kama nishawahi kulazwa na malaria. Mimi nikadhani ni huruma, shemeji! Na damu yangu si ni hii hii ya Nava? Nani amenipima?”

Wazee wakakohoa. Jamani, kuna uchafu ambao hata sabuni haiutoi. Ile midomo ya Lusweti aliyoibusu jana, Navalayo aliionea kinyaa, akaifuta yake kwa mgongo wa mkono.

“Nava, nisikize. Nilikuwa nafikiria watoto wetu.”

“Watoto wa nani? Wangu ama wa Emily?”

Navalayo akaweka jagi chini, akanyoosha mkono, akaichukua firigisi kwenye sahani ya mwanamume.

“Weh!” Risper akaruka. “Mwanamke hakulangi hiyo!”

“Hailiwi na mwanamke, na wewe umekuja kubadilisha wanawake kama viatu?”

Akaitia mdomoni, akaitafuna polepole, akimtazama Lusweti machoni.

“Moyo wangu ni mgonjwa, Lusweti. Meno ni mazima. Toka kwetu.”

Macho yote yakamgeukia Mzee Osiako, baba yao Navalayo na Emily, ambaye hakuwa amefungua kinywa tangu wageni waingie.

“Emily,” akasema, “mletee dada yako obusuma. Firigisi hailiwi tupu.”