Mrangi Aliyerudi Makutupora

"Anyesi, nakuomba usikate simu."

Makasi yakamponyoka mkononi. Alikuwa katikati ya shamba la zabibu la baba yake, huko Makutupora, nje ya mji wa Dodoma, kreti limejaa nusu, jua limesimama utosini. Namba ile haikuwa na jina kwenye simu yake. Sauti nayo haikuhitaji jina.

"Nani mwenzangu?" aliuliza hivyo hivyo.

"Halfani."

Kwenye mstari wa pili wa mizabibu, vibarua walikuwa wanaimba.

"Namba yangu umeipata wapi?"

"Kwa Ikram. Mlikuwa mkiwasiliana, kumbe, hamniambii. Amerudi nyumbani, Anyesi. Ndoa imemshinda. Yuko hapa kwangu Chang'ombe pamoja na mama." Akasita. "Mama anataka kukuona."

"Mwambie mama yako sina shida na chochote chake."

Akakata simu. Akaokota makasi, akaendelea kukata vichala, lakini harufu ya zabibu zilizoiva ikamrudisha kule alikokuwa amejikataza kurudi.

Halfani alifika shamba lile kwa mara ya kwanza akiwa kijana, amekuja na mjomba wake kutoka Kondoa, kwao Warangi, kununua zabibu za kwenda kuuza kwao. Mjomba alikuwa na haraka, gari likaharibika, wakalala kijijini mpaka fundi akapatikana. Halfani akaona aibu kukaa bure, akaomba makasi.

"Unakata kama unavuna mahindi," Anyesi alimwambia. "Shika kikonyo, siyo tunda. Ukiliparuza linaoza kabla hujafika Kondoa."

"Basi nifundishe polepole."

"Kwa nini polepole?"

"Gari likipona naondoka."

Gari lilipona, na yeye akawa anarudi kila msimu. Akafungua duka la mafuta ya alizeti Chang'ombe, Dodoma mjini, ili awe karibu. Jumamosi alikuwa anapanda pikipiki mpaka Makutupora, vumbi jekundu hadi kwenye kope, wakikaa kwenye ukingo wa mfereji wa maji wanakula zabibu zilizokataliwa na wanunuzi. Siku mvua ya kwanza ilipowakuta pale hawakukimbia. Anyesi aliamini baadaye kwamba hakuwahi kuwa na furaha kama ile, ya kulowa bila sababu.

Kisha Anyesi akaenda Kondoa kusalimia wakwe watarajiwa. Alipokelewa na Ikram, mdogo wake Halfani, na hawakuachana mkono tangu asubuhi. Bi Mwanne, mama yao, alimkaribisha vizuri, akamjazia sahani. Baada ya chai Anyesi alichukua kikombe chake akakipeleka jikoni. Nyuma ya ukuta akasikia sauti ya Bi Mwanne:

"Mwanangu, Wagogo hawa! Ukioa mmoja umeoa foleni ya wahitaji. Tayarisha bakuli, uliweke mlangoni kabisa."

Halfani akacheka.

Hakikuwa kicheko kikubwa. Kilikuwa cha mtu asiyejua la kusema. Lakini alicheka.

Siku hiyo hiyo Anyesi alipanda basi. Jioni akatuma ujumbe: "Nimefika salama. Usinitafute tena."

Jibu likaja: "Anyesi ulikuwa utani tu. Unamjua mama anavyopenda utani."

Hakujibu. Na baba yake, Mzee Kefa, aliposikia, alisema neno moja lililomfunga kabisa: "Afadhali. Wale wangekubadilisha dini, kisha wakuache. Warangi nawajua." Anyesi alilichukua neno lile kama dawa ya kidonda. Akalitumia kwa miaka.

Sasa, pale shambani, simu ikalia tena. Ujumbe, siyo wa Halfani: "Dada ni mimi Ikram. Usije kwa ajili ya kaka wala mama. Njoo kwa ajili yangu. Sina wa kumweleza."

Kesho yake akaenda Chang'ombe.

Alimkuta Ikram amekonda, ameketi kwenye mkeka nyuma ya duka. Bi Mwanne alikuwa pembeni, amezeeka kuliko miaka iliyopita. Halfani alisimama mlangoni kama mgeni katika nyumba yake mwenyewe, mvi mbili tatu zimemwingia kidevuni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu." Sauti ya Bi Mwanne ilikuwa ndogo.

Anyesi akakaa karibu na Ikram. "Niambie, mdogo wangu. Walikufanyaje?"

"Hakuna aliyenipiga, dada. Ningepigwa ningekuwa na cha kuonyesha." Ikram alivuta kanga. "Nikipokea simu, mawifi wanasogea kusikiliza. Nikichelewa sokoni, naulizwa nilikuwa na nani. Mama mkwe anasema, 'Wanawake wa Kirangi wazuri, lakini hawatulii.' Anasema hivyo mezani, watu tunakula. Mimi sikuwahi hata kumtazama mwanamume mwingine."

"Na mumeo akisikia anasema nini?"

"Anacheka."

Halfani aliinamisha kichwa.

Bi Mwanne ndiye aliyeanza. "Nilikwenda mwenyewe kumchukua. Yule mama akaniambia mbele ya majirani, 'Mchukue, sisi kabila lenu tulionywa mapema.' Anyesi, njia nzima ya kurudi sikumwona yule mama. Nilikuona wewe na kikombe mkononi. Nilijua ulinisikia. Nilikuona mlangoni ukigeuka, nikanyamaza, nikasema atazoea." Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Nisamehe."

Anyesi alitaka kulia, akakataa.

"Mama, kwamba Wagogo tuliomba, hilo siyo uongo. Mwaka ambao mvua ilikataa, babu yangu alibeba kiroba akaenda kuhemea chakula. Alifika mpaka milima ya kwenu, na kwenu wakampa mtama, akarudi watoto wakala. Sioni aibu. Njaa ilikuwa ya kweli. Lakini wewe ulichukua njaa ya babu ukaifanya tabia yangu, mimi ambaye hukuwahi kuniona nikikuomba hata chumvi."

"Nilidhani ni utani."

"Utani ni uso kwa uso. Ungeniambia pale mezani ningekujibu, na ungetafuta pa kukimbilia." Ikram alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Mimi nilisemwa nyuma ya ukuta, mama. Huo siyo utani."

"Siyo," Bi Mwanne alikubali. "Siyo, mwanangu."

Alipoaga, Halfani alimsindikiza. Walitembea taratibu kupita maduka ya Chang'ombe, wote wawili wakitazama mbele.

"Kwa nini hukuoa?" Anyesi aliuliza.

"Na wewe kwa nini hukuolewa?"

"Nimekuuliza mimi."

"Nilijaribu kusahau. Kila Agosti zikianza kuingia zabibu sokoni nashindwa." Akasimama. "Nilicheka, Anyesi. Sikuwa nimefurahi. Niliogopa kumkosoa mama. Lakini nilicheka, na ulikuwa na haki ya kuondoka."

Anyesi naye akasimama. Kulikuwa na kitu alichokuwa amekihukumu bila kukisikiliza.

"Baba alisema mngenibadilisha dini. Nikaamini, sikukuuliza. Leo nakuuliza. Ungenioa wakati ule, ungetaka nisilimu?"

Halfani hakuharakisha. Bodaboda zilipita, mtu akapiga honi.

"Ndiyo," akasema mwishowe. "Ningekusukuma mpaka ukubali. Ukoo wote ungenisaidia kukusukuma. Baba yako hakukosea."

Anyesi alimtazama. Jibu lile lilimuuma, na papo hapo likampumzisha. Mtu aliyekuja kumdanganya asingelitoa.

"Na sasa?"

"Sasa nimekaa miaka yote hii na dini yangu, na duka langu, bila wewe. Dini yangu inaniruhusu kuoa mwenye Kitabu, Mkristo kama wewe, akabaki na Kitabu chake. Aliyekuwa haruhusu ni ukoo, na ukoo umeshaona kwa Ikram kinachompata mke asiyekubaliwa alivyo."

Mzee Kefa hakufurahi. Halfani alipofika Makutupora na mama yake kuleta posa, alisalimia "Mbukwenyi" kwa Kigogo chake kibovu, na mzee akaitikia kwa Kiswahili kikavu.

"Nitasema wazi," mzee alisema. "Nimewaona mabinti wa hapa walioolewa upande wenu. Wengi walibadili dini, na wengine walirudi wameachwa. Mtasema nina chuki?"

"Hapana, baba," Halfani alijibu. "Mambo hayo yapo. Mabinti hao ni wa kweli."

Mzee alitegemea ubishi.

"Sasa kwa nini nikupe wangu?"

"Usinipe kwa sababu mimi siyo kama Warangi wengine. Mimi ni Mrangi. Niulize mimi kama mimi, na nikikosa, nikosee kwa jina langu."

"Na watoto?"

"Hilo bado tunalizungumza na Anyesi. Sitakudanganya leo nipate mke."

Mzee aligeuka kwa binti yake. "Wewe unasemaje?"

"Baba, ulichonionya kilikuwa cha kweli. Ila nilikifanya jibu, na kilipaswa kuwa swali. Nimeshamuuliza. Namtaka."

Bi Mwanne akaongeza, bila kuinua macho: "Mimi ndiye niliyeharibu mara ya kwanza, baba Anyesi. Kama kuna wa kukataliwa ni mimi."

Mzee Kefa alikunywa chai yake mpaka ikaisha. Kisha akasema wamlete mjomba wa Anyesi, maana mahari haizungumzwi na mtu mmoja.

Walifunga ndoa bomani, Dodoma mjini. Hakuna msikiti uliowakusanya wala kanisa. Upande wa Halfani wajomba kadhaa hawakuja. Upande wa Anyesi shangazi mmoja alikuja akanuna tangu mwanzo mpaka mwisho. Ikram alivaa kijani, akapiga vigelegele hadi karani akamwomba apunguze.

Walipanga nyumba Makole, hapo hapo mjini. Jumapili ya kwanza baada ya harusi Anyesi alitaka kusali kanisa la nyumbani, na Halfani akampeleka kwa pikipiki mpaka Makutupora. Hakuingia. Alikaa nje kwenye ukuta mfupi, amevaa kofia yake, akisikiliza kwaya. Waliochelewa walimtupia jicho, wawili wakanong'onezana.

Ibada ilipokwisha Mzee Kefa alitoka mbele ya wengine. Akamkuta mkwe wake palepale, jasho linamtiririka.

"Umekaa hapa muda wote huo?"

"Ndiyo, baba. Namngoja mke wangu."

Mzee alitazama watu waliokuwa wanatoka na kuwatazama wao. Akamshika Halfani mkono mbele yao wote.

"Twende nyumbani, mwanangu," akasema kwa sauti ya kusikika. "Mlenda umeshaiva, na jua hili litakuua."